Jinsi ya kuisoma safari ya mchumi aliyekuja kuwa waziri mkuu, tukimtumia Manmohan Singh

Watu wengi wakitaka kumjua Manmohan Singh wanaanza 2004, siku aliyoapishwa kuwa waziri mkuu wa India, wanaruka mpaka 2014 alipotoka, wanasoma habari za kashfa mbili tatu na namba za ukuaji wa uchumi, basi wanafunga wakiwa na hukumu mkononi, ama alikuwa shujaa ama alikuwa mzee mnyonge aliyewekwa pale na Sonia Gandhi, mkuu wa chama chake cha Congress. Zote mbili ni hukumu za haraka. Mchumi anayekuja kuongoza serikali hasomwi kama mwanasiasa wa kawaida, huyu kabla hajakalia kiti alishaandika, alishakaa kwenye ofisi ambazo hazipigiwi kura, alishaacha karatasi nyingi nyuma yake, na ukizifuata kwa utaratibu utamwelewa kuliko ukifuata vichwa vya habari.

Kuna swali moja la kutembea nalo toka mwanzo mpaka mwisho: pale alipofanikiwa, nani alikuwa amemkingia kifua? Manake mchumi ana hoja, kura hana. Ukishika swali hilo, mambo mengi ya Singh ambayo yanaonekana kupingana yanaanza kukaa sawa.

Anza na alichokisomea, cheo kitakuja baadaye

Alizaliwa Septemba 1932 Gah, kijiji cha Punjab ambacho leo kiko Pakistan, na mgawanyo wa 1947 ukaihamishia familia yake upande wa India. Hiyo sehemu kila mtu anaisimulia, ni nzuri, ila usikae hapo sana. Nenda Cambridge alikomaliza 1957 kwa daraja la kwanza, halafu Oxford, chuo cha Nuffield, alikopata udaktari 1962. Hapo kwenye tasnifu ya Oxford ndo pa kusimama. Mada ilikuwa mauzo ya nje ya India kati ya 1951 na 1960 na matarajio ya mbeleni. Kipindi kile wachumi wengi wa nchi zilizotoka kwenye ukoloni waliamini biashara ya nje haiwezi kutubeba, kwamba zalisha ndani, zuia vya nje, na India ilienda njia hiyo hiyo kwa miaka mingi. Kijana huyu akaandika kwamba soko la nje halikuwa limefungwa kiasi hicho, kwamba sera za ndani zenyewe ndo zilikuwa zinawabana wauzaji. Kazi hiyo ikatoka kama kitabu 1964.

Nakusisitizia hili kwa sababu 1991 alipofungua uchumi, wapinzani wake walisema amenunuliwa na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, amegeuka ghafla. Ukiwa umeiona tasnifu utajua wazo lilikuwa naye karibu miaka 30 kabla. Kwa hiyo mchumi yeyote unayemfuatilia, tafuta kazi yake ya udaktari, hata utangulizi na hitimisho peke yake, halafu andika kwa sentensi mbili alikuwa anabishana na nani. Hizo sentensi mbili zihifadhi, utazihitaji.

Ziorodheshe ofisi, na kila ofisi iulize ilikuwa na rungu au kalamu tu

Hapa wengi wanachoka manake orodha ya Singh ni ndefu. UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, 1966 hadi 1969. Profesa Delhi School of Economics. Mshauri wizara ya biashara ya nje 1971. Mshauri mkuu wa uchumi 1972 hadi 1976. Katibu wizara ya fedha 1976 hadi 1980. Tume ya Mipango. Gavana wa Benki Kuu 1982 hadi 1985. Akarudi Tume ya Mipango kama naibu mwenyekiti mpaka 1987.

Sasa usiziandike tu kama sivii. Kando ya kila moja weka alama: mshauri ana kalamu, anaandika maoni na waziri anaweza kuyatupa. Gavana ana rungu kiasi, ila kwa India ya miaka ile Benki Kuu ilikuwa inafanya kazi chini ya kivuli cha wizara ya fedha, serikali ikitaka kukopa inakopa. Ukimaliza utaona kitu cha ajabu kidogo, kwamba kwa miaka kama 16 huyu mtu alikuwa ndani kabisa ya mfumo wa leseni na vibali, ule wa mfanyabiashara kungoja ruhusa ya serikali, ambao baadaye aliuvunja. Wengine wanalitumia hilo kumshambulia, eti mbona hakusema. Mimi naliona tofauti, alijua kila mlango wa nyumba ile na kila kufuli lilipo, na mtu wa nje asingeweza kuifungua kwa wiki tano kama alivyofanya yeye. Lakini pima mwenyewe.

Kuna kituo kimoja ambacho sisi wasomaji wa Kiswahili tunapaswa kukijua na wengi hatukijui. Kati ya 1987 na 1990 Singh alikuwa Geneva, katibu mkuu wa Tume ya Kusini, na mwenyekiti wa tume hiyo alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Yaani miaka mitatu mchumi wa masoko ya nje na mjamaa wa Ujamaa walikuwa kwenye kazi moja, wakitafuta nchi maskini zitajikwamuaje kwenye madeni na biashara isiyo ya haki. Ripoti ilitoka 1990. Itafute usome sehemu ya biashara baina ya nchi za Kusini zenyewe, kisha iweke jirani na hotuba yake ya bajeti ya 1991, hazikupishana hata miezi 12, na utaona kwamba huyu hakuwa mtu wa soko huria kwa kila kitu kama anavyochorwa. Inaniuma kwamba hii sehemu inarukwa kila mara.

Tafuta mgogoro, kisha usome siku kwa siku

Mchumi huitwa mambo yakiharibika, kwa hiyo kwenye safari yake lazima kuna mgogoro, na ukiupata usiusome kwa mwaka, usome kwa siku. Kwa Singh ni Juni na Julai 1991.

Kwanza elewa sababu. Miaka ya 80 serikali ya India ilikuwa inatumia kuliko inachopata na kukopa kufidia. Agosti 1990 Iraq ikaivamia Kuwait, mafuta yakapanda, Wahindi waliokuwa wanafanya kazi Ghuba wakarudi nyumbani na pesa walizokuwa wanatuma zikakatika. Soko la Umoja wa Kisovyeti nalo likawa linakufa. Wahindi wa nje waliokuwa wameweka dola kwenye benki za India wakaanza kuzitoa. Mei 1991 tani 20 za dhahabu zikauzwa Uswisi kwa makubaliano ya kuzinunua tena, na Julai tani karibu 47 zikawekwa rehani Benki Kuu ya Uingereza na ya Japan, wakapata kama dola milioni 400. Kwa India, ambako dhahabu ni heshima ya familia, hiyo ilikuwa aibu ya taifa zima.

Singh akaapishwa waziri wa fedha Juni 21. Na hapa shika jambo dogo, hakuwa chaguo la kwanza. Waziri mkuu mpya, P.V. Narasimha Rao, alimtaka kwanza I.G. Patel, naye mchumi na gavana wa zamani wa Benki Kuu, Patel akakataa. Ukisoma wasifu wa mtu yeyote mkubwa tafuta sehemu kama hizi, zinakukumbusha kwamba nchi ilikuwa inatafuta aina fulani ya mtu, si lazima huyu.

Julai 1 rupia ikashushwa thamani kwa takriban asilimia 9. Hiyo ilikuwa ya kupima upepo. Ya pili, takriban asilimia 11, ilipangwa Julai 3. Asubuhi ya tarehe 3 Rao akapata wasiwasi, kelele zilikuwa zimeanza, akamwambia Singh aisimamishe. Singh akampigia simu C. Rangarajan, naibu gavana wa Benki Kuu, na jibu likawa kwamba tayari imeshatangazwa. Hayo wamesimulia wenyewe waliokuwepo. Kaa na tukio hilo dakika chache. Waziri mkuu ana wasiwasi, waziri wa fedha anatii na kupiga simu, na historia inakwenda mbele kwa sababu ofisa mmoja aliwahi. Halafu Rao hakumtupa Singh kwenye mbwa, alibeba lawama pamoja naye bungeni. Hapo ndo jibu la swali letu kwa mwaka 1991.

Soma bajeti yenyewe, usisome kuhusu bajeti

Hotuba ya Julai 24, 1991 ipo, wizara ya fedha ya India imeweka hotuba za zamani kwenye tovuti yake. Kila mtu ananukuu mwisho wake, pale alipomtaja Victor Hugo. Wewe anza mwanzo. Pale anawaambia wabunge kwamba akiba ya fedha za kigeni ni kama krore 2,500 za rupia na inatosha kuagiza bidhaa za wiki mbili tu. Nakisi ya serikali kuu imepita asilimia 8 ya pato la taifa, na anataka kuishusha mpaka 6.5 ndani ya mwaka mmoja. (Laki unaijua, krore ni milioni 10, ukichanganya hizo namba zote za India zitakupoteza.)

Ukisoma hotuba ya bajeti ya mchumi fanya hivi: chora mstari chini ya kila namba anayoahidi, na alama nyingine kwenye kila kundi litakaloumia. Kwa Singh kundi la kuumia lilikuwa wakulima. Alipandisha bei ya mbolea kwa asilimia 40 kwa sababu ruzuku ilikuwa inaila hazina, na wabunge wa chama chake mwenyewe cha Congress wakaja juu vibaya mno. Mwanzoni mwa Agosti akarudi na asilimia 30, na wakulima wadogo wakasamehewa nyongeza. Mimi naona hiyo mbolea inafundisha kuliko hotuba yote, kwamba kitabuni bei ni moja na bungeni bei ni nyingine.

Na kuwa mwangalifu na sifa. Siku hiyo hiyo ilitangazwa sera mpya ya viwanda iliyofuta leseni kwa viwanda vyote isipokuwa aina 18. Watu wanampa Singh hiyo. Wizara ya viwanda ilikuwa chini ya Rao mwenyewe, aliishikilia kwa makusudi, na serikali yake haikuwa hata na wingi wa wabunge. Kwa hiyo kila mageuzi unayoyakuta, kabla hujayaandika chini ya jina la mchumi, angalia ni wizara gani ilitia saini.

Sasa njoo kwenye uwaziri mkuu, ukiwa na swali lile lile

2004 Congress ilipata viti 145 kati ya 543. Sonia Gandhi akakataa uwaziri mkuu, akamteua Singh, akaapishwa Mei 22. Singh alikuwa ameshagombea ubunge wa kupigiwa kura mara moja tu, Delhi Kusini 1999, akashindwa. Miaka yote 10 aliongoza serikali akiwa mjumbe wa Rajya Sabha, baraza la juu, kwa jimbo la Assam. Katiba inaruhusu. Ila maana yake ni kwamba wenye kura walikuwa wengine, yaani Sonia aliyebaki mkuu wa chama na kuongoza baraza la ushauri lililosukuma sera za jamii, na vyama vya mseto ambavyo vilichagua mawaziri wao.

Chora safu mbili kwenye karatasi. Ya kwanza, mambo ambayo chama kilitaka na Singh alitekeleza: sheria ya haki ya kupata habari 2005, sheria ya ajira vijijini ya mwaka huo huo iliyoipa kila kaya ya kijijini haki ya siku 100 za kazi kwa mwaka, iliyoanza Februari 2006 kwenye wilaya 200 na kufika nchi nzima 2008. Msamaha wa madeni ya wakulima 2008. Ya pili, aliyoyataka mwenyewe kwa moyo wake: makubaliano ya nyuklia na Marekani. Haya yalianza Julai 2005, vyama vya kushoto vilivyokuwa vinaiunga mkono serikali kutoka nje vikasema ukiendelea tunatoka, akaendelea, wakatoka, na Julai 22, 2008 akaponea kwenye kura ya imani 275 kwa 256. Mtu anayemwita mnyonge lazima aieleze siku hiyo.

Lakini pia mtu anayemwita jasiri lazima aeleze Septemba 2013. Baraza la mawaziri lilipitisha amri ya kuwakinga wabunge waliokutwa na hatia wasipoteze viti mara moja, Singh yuko safarini Marekani, Rahul Gandhi, mtoto wa Sonia na makamu wake kwenye chama, akasimama mbele ya waandishi akasema ni upuuzi ichanwe. Siku chache baadaye ikaondolewa. Linganisha na Rao wa 1991, huyu ni mtu yule yule na akili ile ile, kilichobadilika ni kifua kilichokuwa mbele yake.

Namba za ukuaji, hapa nenda taratibu

Utaambiwa uchumi ulikua karibu asilimia 9 miaka ya kabla ya mtikisiko wa 2008. Kabla hujanakili, angalia mwaka wa msingi wa takwimu, yaani mwaka ambao bei zake zinatumika kupimia miaka mingine. India ilibadilisha mwaka wa msingi kuwa 2011-12, na 2018 ikakokotoa upya miaka ya nyuma. Mwaka 2010-11 uliokuwa asilimia 10.3 ukawa 8.5. Mabishano ya kisiasa juu ya hilo yalikuwa makubwa, upande mmoja ukisema namba zimepikwa. Huhitaji kuamua, unahitaji kuandika unatumia mfululizo upi na usichanganye miwili kwenye jedwali moja, watu wanafanya hivyo kila siku.

Kisha gawanya kipindi. Miaka ile ya 2004 hadi 2008 karibu nchi zote zinazoendelea zilikua vizuri, kwa hiyo sehemu ya sifa ni ya dunia. Na 2013 rupia iliposhuka mpaka kama 68 kwa dola mwezi Agosti, sehemu ya lawama ilikuwa ya Benki Kuu ya Marekani iliyokuwa imedokeza kupunguza kumwaga fedha. Ila mfumuko wa bei uliogusa tarakimu mbili, huo alikuwa nao nyumbani miaka kadhaa, na kwa mchumi hilo ni deni.

Kashfa: tofautisha kilichokadiriwa na kilichothibitishwa

2G ndo kubwa. Leseni za masafa ya simu ziligawiwa 2008 kwa bei ya 2001, na wizara ilikuwa ya chama cha mseto. Mwishoni mwa 2010 mkaguzi mkuu akasema serikali huenda ilikosa hadi laki 1.76 za krore, yaani rupia trilioni 1.76. Hiyo ni hasara ya kukadiria, si pesa iliyoonekana ikitoka. Februari 2012 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ikafuta leseni 122. Desemba 2017 mahakama maalum ikawaachia washtakiwa wote. Andika yote matatu kwa mpangilio wa tarehe. Ukiandika la kwanza tu umemwonea, ukiandika la mwisho tu umeficha kwamba ugawaji wenyewe ulifutwa. Hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba Singh alijinufaisha, lakini swali la kwa nini hakumzuia waziri wake linabaki wazi, na jibu liko kwenye zile hesabu za viti vya mseto.

Usiishie siku aliyotoka ofisini. Alikaa Rajya Sabha karibu mpaka mwisho, alifariki Desemba 26, 2024 akiwa na miaka 92. Novemba 2016 serikali ilipofuta noti za rupia 500 na 1,000, alisimama akasema pato la taifa linaweza kupungua kwa asilimia 2 hivi. Huo ni utabiri, na utabiri unapimika, uweke kando ya takwimu rasmi za 2016-17 na 2017-18 uone. Usimpe alama kwa sababu tu hotuba ilikuwa fupi na nzuri.

Ukitaka kumsoma mwingine kwa njia hii

Mario Monti wa Italia, 2011 hadi 2013, na Mario Draghi, Februari 2021 hadi Oktoba 2022, wote waliitwa bila kupigiwa kura, na Draghi alianguka pale vyama vilivyombeba vilipoondoa mkono, kwa hiyo kwao soma zaidi hesabu za bunge kuliko hotuba. Lucas Papademos wa Ugiriki alikaa miezi michache tu, usimpe kurasa nyingi.

Mark Carney wa Kanada ndo mgumu. Naye ni wa Nuffield, udaktari wake wa 1995 ulihusu ushindani wa kibiashara, alikuwa gavana wa Benki Kuu ya Kanada 2008 hadi 2013 na ya Uingereza 2013 hadi 2020. Alipoapishwa Machi 14, 2025 hakuwa mbunge. Lakini Aprili 28 akaingia uchaguzini, akashinda kiti chake mwenyewe, na chama chake kikapata viti 169 kati ya 343. Kwa hiyo kwake lile swali la nani kamkingia kifua linaanza na yeye mwenyewe, na bado yuko kazini, ishia kwenye tasnifu, ofisi za benki na bajeti zake kwa sasa, safu ya hukumu iache tupu.